Usipunguze ugali: jibu kwa kijana wa mjengo kuhusu poda ya asidi amino

Swali: "Daktari, nina miaka 24 na uzito wangu ni kilo 65. Nafanya kazi ya mjengo huku Embakasi, na jioni mara nne kwa wiki naingia jimu. Asubuhi nakunywa chai na mandazi mawili, mchana nakula githeri kwa kibanda, usiku ugali na sukuma. Kocha wetu ameniambia hicho chakula ni wanga mtupu. Anataka nipunguze ugali nusu na ninunue poda ya asidi amino, mkebe mmoja shilingi 4,500. Mkebe umeandikwa kwamba unaongeza nguvu na kujenga misuli. Anasema pia kwamba miguu ikiwaka moto nikipiga skwati, hiyo ni sumu imejaa kwenye misuli na poda itaitoa. Nataka kujua ukweli kabla sijatoa pesa yangu."

Ndugu yangu, usipunguze ugali. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye madhara. Poda pengine itakumalizia pesa tu, lakini ukikata chakula nusu huku unabeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kutwa nzima, utapoteza misuli ile ile unayoitafuta. Kocha wako hajakosea kila kitu, na nitafika mahali alipopatia. Ila amechanganya mambo mawili ambayo mwilini hayafuati njia moja: nishati ya kufanyia kazi, na malighafi ya kujengea, yaani asidi amino, vipande vidogo vinavyounda protini.

Nishati kwanza. Msuli wako unapojikunja kuinua karai la kokoto, kinachouendesha ni molekuli iitwayo ATP. Karl Lohmann aliitenga kutoka kwenye misuli mwaka 1929 huko Ujerumani. Ina fosfeti tatu zilizofuatana. Ya mwisho ikikatwa nishati hutoka, na fosfeti hiyo ikirudishwa ATP inakuwa tayari tena. Mwili wako mzima una kiasi kisichozidi sana gramu 100 za ATP kwa wakati mmoja, lakini kwa siku unatumia kiasi kinachokaribia uzito wako wote. Kila molekuli inavunjwa na kuundwa upya mamia ya mara kabla hujalala. Kwa hiyo swali la maana kuhusu chakula chochote kinachodai kuleta nguvu ni hili: kinasaidia vipi kurudisha ile fosfeti ya tatu?

Ugali unasaidia sana. Wanga wake unavunjwa tumboni kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye seli, na kwa hatua kumi za vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemia mwilini) inakatwa kuwa molekuli mbili za piruveti. Faida ya hatua hizo ni ATP mbili tu, lakini zinapatikana haraka na hazihitaji oksijeni. Piruveti ikiingia kwenye mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, kazi kubwa inaanza. Inageuzwa kuwa asetili-CoA, halafu inaingia kwenye mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza. (Jarida la Nature lilimrudishia barua yake likisema halina nafasi, mwaka 1953 akapewa tuzo ya Nobel.) Kuanzia piruveti inapogeuzwa hadi mwisho wa mzunguko huo, kaboni zote za glukosi hutolewa moja moja kama kabonidioksaidi. Hewa unayoipumua nje asubuhi ukipanda ngazi za jengo imebeba kaboni za ugali wa jana usiku, na hilo ni jambo la kemia tupu.

Kinachobaki ni elektroni. Zinapitishwa kwenye mfululizo wa protini ndani ya utando wa mitokondria mpaka zinakutana na oksijeni na kuwa maji. Katika kupita huko, protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando. Zinaporudi, zinapitia kwenye kimeng'enya ambacho sehemu yake huzunguka kikweli, na mzunguko huo ndio unaobana ADP (ATP iliyokatwa fosfeti ya mwisho) na fosfeti kuwa ATP. Peter Mitchell alipolipendekeza jambo hili mwaka 1961 wataalamu wengi walilikataa kwa miaka mingi. Nobel yake ilikuja mwaka 1978. Ukijumlisha yote, glukosi moja inatoa ATP 30 hadi 32. Vitabu vya zamani huandika 36 au 38, kwa hiyo usishangae ukikutana na namba hizo kwenye daftari la mdogo wako.

Mafuta nayo yanaingia kwenye mzunguko huo huo kupitia asetili-CoA. Asidi amino pia zinaweza kuingia. Hapo ndipo maandishi ya mkebe yanapata ukweli wake mdogo: ndiyo, asidi amino zinaweza kuchomwa zikatoa ATP. Gramu moja inatoa kilokalori 4 hivi, sawa na gramu ya unga wa mahindi. Kijiko cha poda kina gramu 5 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe: kilokalori 20 hadi 40, kwa mtu ambaye kazi yake inamaliza zaidi ya kilokalori 3,000 kwa siku. Poda nyingi zinazoahidi nguvu zimetiwa kafeini, na mtu anaihisi kafeini dakika chache baadaye akadhani ni asidi amino zinazofanya kazi. Soma viambato nyuma ya mkebe uone.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako, na hapa nataka nikae, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopotea.

Asidi amino zinazounda protini zetu ni 20. Tisa kati yake mwili hauwezi kuziunda, lazima zitoke kwenye chakula: histidini, isoleusini, leusini, laisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Kila siku mwili wako unavunja na kujenga upya gramu 250 hadi 300 za protini zake wenyewe, hata siku ambayo hukugusa chuma. Misuli, ngozi, utumbo, vimeng'enya, kingamwili, vyote vinabomolewa na kurudishwa bila kusimama. Kukuza misuli ni kufanya kujenga kuzidi kubomoa kwa kiasi kidogo, kila siku, kwa miezi.

Tofauti kubwa na wanga ni kwamba asidi amino hazina ghala. Glukosi iliyozidi inahifadhiwa kama glaikojeni, karibu gramu 400 kwenye misuli na 100 hivi kwenye ini. Mafuta yanahifadhiwa kwa kilo. Lakini hakuna mahali mwilini ambapo protini inakaa ikisubiri tu kutumika. Protini uliyonayo ina kazi tayari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni misuli yako. Ukila asidi amino nyingi kuliko zinazohitajika saa hiyo, zilizozidi zinachomwa. Na ukikosa nishati, zinachomwa hata kama zinahitajika.

Hebu fuata siku ya mtu aliyekubali ushauri wa kupunguza ugali nusu. Kufikia saa tisa mchana glaikojeni yake imepungua sana. Ubongo, ambao peke yake unataka karibu gramu 120 za glukosi kwa siku, haungoji. Insulini inashuka, homoni za kortisoli na glukagoni zinapanda, na misuli inaanza kutoa asidi amino, hasa alanini na glutamini, ziende kwenye damu. Alanini inafika kwenye ini. Ini linaondoa kile kikundi chenye nitrojeni, linabaki na kiunzi cha kaboni ambacho ni piruveti ile ile tuliyoiona, na kutoka hapo linaunda glukosi mpya. Nitrojeni haiwezi kuachwa hivi hivi kwa sababu ingekuwa amonia, na amonia inadhuru ubongo. Ini linaigeuza kuwa urea, kwa mzunguko mwingine ambao Krebs yule yule na Kurt Henseleit waliueleza mwaka 1932, na kila molekuli ya urea inagharimu nishati. Urea inaenda kwenye figo, na kutoka hapo chooni.

Huyo mtu anapofika jimu jioni akakoroga poda yake, mwili bado una njaa ya nishati. Poda nyingi za aina hii zina tatu tu kati ya zile tisa: leusini, isoleusini na valini. Hizo tatu zina tabia ya pekee kwamba ini haliwezi kuanza kuzivunja vizuri, ila msuli unaweza. Ndizo asidi amino ambazo msuli wenyewe unazichoma kwa urahisi zaidi. Amenunua kwa bei ghali kitu ambacho msuli wake utakigeuza kuwa kuni, kazi ambayo unga wa mahindi ungeifanya kwa shilingi chache. Wewe ni mtu wa mjengo, utanielewa: ni fundi anayechoma mbao za paa ili achemshe chai, wakati makapi yamejaa nyuma ya nyumba.

Hii ndiyo sababu nasema ugali unailinda misuli yako. Wanga wa kutosha unaiacha protini ifanye kazi ya protini.

Kocha wako alipopatia ni hapa: leusini ni zaidi ya tofali la kujengea. Ikipanda kwenye damu inaamsha protini iitwayo mTOR ndani ya seli ya msuli, na mTOR ikiamka ujenzi unaanza. Jambo hilo limethibitishwa. Lakini ujenzi ulioanzishwa unahitaji asidi amino zote 20 ziwepo. Ikikosekana moja tu kati ya zile tisa, mnyororo wa protini unakatika hapo hapo, na leusini haiwezi kuchukua nafasi ya laisini. Yai moja lina gramu 6 za protini yenye zote tisa, leusini ikiwemo. Maziwa vilevile. Omena vilevile. Alipatia pia kwamba ugali na sukuma peke yake havimtoshi mtu anayefanya mazoezi mazito, ingawa dawa aliyokupa siyo.

Ila kuiita githeri, yaani mahindi na maharagwe, wanga mtupu si haki kabisa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani. Daktari Cicely Williams alieleza mwaka 1933, akiwa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Tunauita kwashiakoo hadi leo. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 45 za laisini katika kila gramu ya protini anayokula. Mahindi yana 28 hivi. Maharagwe yana karibu 70. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Changanya protini ya mahindi na ya maharagwe nusu kwa nusu na laisini inafika 49 hivi. Watu wa eneo la Mlima Kenya kwa githeri yao, Wakamba kwa isyo, Waluo kwa nyoyo, wamekuwa wakipika suluhisho hili tangu zamani, na ninapoona kijana wa Nairobi anaambiwa alionee aibu chakula hicho naumia moyoni. Si lazima hata viwe kwenye sufuria moja. Maharagwe ya mchana na ugali wa usiku vinakutana mwilini siku hiyo hiyo.

Kasoro ya githeri ya kibandani ni kwamba mara nyingi ni mahindi mengi na maharagwe ya kuhesabu. Mwambie mama akuwekee maharagwe zaidi, hata ukiongeza kumi kumi mbili. Na kama unapika mwenyewe, loweka maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, kisha chemsha mpaka yaive kabisa. Maharagwe yasiyoiva yana vizuizi vinavyozuia vimeng'enya vya tumbo kuvunja protini, na maharagwe mekundu yana lektini inayoweza kukutapisha. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe hapa yanachukua muda mrefu kuliko Mombasa. Usiyatoe mapema kwa kuokoa makaa.

Nimekuhesabia siku yako. Chai na mandazi, gramu 6 za protini. Sahani ya githeri iliyojaa, 22 hadi 25. Ugali wa robo kilo ya unga, 20 hivi. Sukuma inaongeza kidogo. Unapata kama gramu 50 na kitu. Mtu wa kilo 65 asiyefanya mazoezi anahitaji takriban 54, kwa hiyo uko pale pale ukingoni. Anayejenga misuli anafaidika na gramu 1.4 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani 90 hadi 105. Pengo lako ni gramu 40 hivi. Mayai mawili ya kuchemsha ni gramu 12. Nusu lita ya maziwa, mabichi uliyoyachemsha au maziwa lala, ni 16. Gramu 30 za omena mkavu ni 15 au zaidi. Pengo limezibika, na hakuna mkebe ulioguswa. Shilingi 4,500 zinakununulia trei kadhaa za mayai 30 na bado ubaki na hela ya maziwa.

Gramu hizo za protini zigawe katika siku, usizirundike usiku. Msuli unaitikia vizuri ukipata gramu 20 hadi 30 kwa mlo. Asubuhi yako ndiyo dhaifu kuliko zote: unapanda jengo na mandazi mawili, na glaikojeni ya ini imeshuka usiku kucha. Weka mayai hapo, na bakuli la uji au viazi vitamu. Baada ya jimu, kula ugali na omena ndani ya saa moja au mbili. Wanga unarudisha glaikojeni na unapandisha insulini, ambayo inapunguza kubomolewa kwa misuli.

Chai nayo, ndugu yangu, ihamishe mbali na chakula kwa saa moja. Zile protini zinazopitisha elektroni kwenye mitokondria zinahitaji madini ya chuma, na majani ya chai yanazuia chuma cha maharagwe na sukuma kisifyonzwe. Limau au nyanya mbichi juu ya githeri vinasaidia kinyume chake, kwa sababu ya vitamini C.

Kuhusu miguu kuwaka. Unapopiga skwati nzito, msuli unahitaji ATP haraka kuliko mitokondria inavyoweza kutoa. Ule mkato wa glukosi usiohitaji oksijeni unakimbia, piruveti inarundikana na kugeuzwa kuwa laktati. Wakati huo huo ioni za hidrojeni na fosfeti zinaongezeka, na hizo ndizo zinazohusika na kuishiwa nguvu na kule kuwaka. Laktati yenyewe si sumu. Moyo wako unaila. Nyuzi za misuli zenye mitokondria nyingi zinaila. Ini linairudisha kuwa glukosi, njia waliyoieleza mume na mke, Carl na Gerty Cori, ambao walishiriki Nobel ya mwaka 1947. Ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi laktati imerudi kawaida bila poda yoyote. Maumivu ya kesho na kesho kutwa yanatoka kwenye michubuko midogo ya nyuzi za misuli na uvimbe wake. Hayo hupungua kadiri mwili unavyozoea, kwa usingizi na kwa kuongeza uzito polepole.

Je, kuna anayefaa kununua poda? Poda ya protini kamili, ile ya maziwa, ni chakula kilichokaushwa tu. Mtu asiye na nafasi ya kupika na mwenye uwezo anaweza kuitumia. Ile ya asidi amino tatu sioni kazi yake kwa mtu anayekula vizuri. Kama wewe au mtu wa nyumbani ana ugonjwa wa figo, asiongeze protini ya aina yoyote kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu ile urea lazima itoke kwa figo. Figo nzima inaumudu mlo niliokupa.

Na kuna dalili moja ambayo wewe, mwenye kazi nzito mchana kwenye jua na jimu jioni, unapaswa kuijua. Msuli ukizidiwa sana, hasa ukiwa huna maji mwilini, seli zake zinapasuka na protini iitwayo mayoglobini inamwagika kwenye damu na kuziba figo. Kunywa maji kutwa nzima ukiwa kazini. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kola au chai ya rangi, na misuli imevimba na kuuma kupita kawaida, acha kazi na mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uwaeleze kazi uliyofanya na kila poda uliyotumia.